Safisha Ukuta Bila Kuubomoa: Mwongozo wa Usafi wa Kuta za Nje kwa Wakazi wa Kata

Mvua za masika zinapokatika na upepo wa kusi kuanza kukausha ardhi, kuta za nyumba nyingi katika kata za Bagamoyo huonyesha athari za maji ya miezi iliyopita. Michirizi myeusi hushuka chini ya madirisha, ukijani hutanda upande usiopigwa na jua, na unga mweupe huchomoza karibu na msingi. Hicho ndicho kipindi ambacho ngazi, brashi na madumu ya dawa hutolewa stoo, kwa kuwa kila mwenye nyumba hupenda makazi yake yapendeze.

Usafi huo ni jambo jema, lakini ukifanywa bila maarifa huweza kuleta hasara kubwa kuliko uchafu uliokusudiwa kuondolewa. Mtu huweza kuanguka kutoka kwenye ngazi, kuvuta hewa yenye sumu, kuunguzwa na asidi au kuguswa na umeme. Ukuta wenyewe huweza kupoteza kwa asubuhi moja uso uliouhifadhi kwa miongo mingi. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama wa watu na wa jengo. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba doa ukutani ni dalili, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni maji.

DOA LINASEMA NINI

Kabla ya kununua dawa yoyote, mwenye nyumba anashauriwa kuuzunguka ukuta wake mchana kweupe na kuusoma. Kila doa lina asili yake, na tiba ya moja haifai kwa jingine.

Ukijani na weusi unaoteleza ni viumbe hai, yaani ukungu na mimea midogo inayoota mahali penye unyevu na kivuli. Michirizi ya kahawia chini ya nondo za dirisha, misumari au mabati ni kutu. Weusi mkavu karibu na dirisha la jiko ni masizi ya kuni na mkaa. Mkanda wa rangi ya udongo unaozunguka sehemu ya chini ya nyumba ni tope linalorushwa na matone ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye paa.

Unga mweupe ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Wakazi wengi huuita fangasi na kukimbilia dawa ya kuua vijidudu. Kwa kawaida unga huo si fangasi bali ni chumvi. Maji huingia ukutani, huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya tofali, saruji, mchanga au ardhi, kisha husafiri nayo hadi juu ya uso. Maji yanapokauka, chumvi hubaki. Ikigandia nyuma ya rangi au ndani ya vitundu vya tofali, hupanuka na kusukuma, na hapo ndipo rangi hubanduka na tofali huanza kupukutika. Katika maeneo ya pwani tatizo hili huzidi kwa sababu upepo wa bahari hubeba chumvi, na baadhi ya nyumba zilijengwa kwa mchanga wa ufukweni au maji ya visima vyenye chumvi.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuchukua kidogo ya unga huo na kuutia katika kijiko cha maji. Ukiyeyuka na kutoweka, ni chumvi. Usionjwe kwa ulimi, kwa kuwa haijulikani ukuta umewahi kupakwa nini.

JUA AINA YA UKUTA WAKO

Katika wilaya hii zipo kuta za aina tatu kuu, na kila moja ina kiasi chake cha uvumilivu.

Ukuta wa matofali ya saruji ni mgumu kiasi, ingawa tofali lililochanganywa kwa saruji kidogo humomonyoka haraka likipigwa na maji ya nguvu. Ukuta mpya wa saruji au lipu mpya uachwe kwa angalau siku 28 kabla ya kusuguliwa au kupakwa dawa.

Ukuta wa matofali ya kuchoma unahitaji uangalifu zaidi. Katika tanuri la kienyeji, matofali yaliyo karibu na moto huiva zaidi kuliko yaliyo pembeni. Ndiyo maana katika ukuta mmoja huweza kuwapo tofali linalolia kama kigae likigongwa na jingine linalomeguka kwa ukucha. Moto huliachia tofali ngozi ngumu kwa nje. Ngozi hiyo ikichubuliwa, sehemu ya ndani iliyo laini hubaki wazi na kunywa maji kama sifongo. Hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama ule wa nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ndio ulio dhaifu kuliko zote mbele ya dawa kali. Mawe ya matumbawe na chokaa vina asili moja na maganda ya konokono wa baharini. Aliyewahi kudondoshea ndimu juu ya ganda la konokono na kuona povu likitoka anaweza kuelewa kinachotokea ukuta wa namna hiyo unapomwagiwa asidi: sehemu ya ukuta huyeyuka na kuondoka pamoja na uchafu. Kuta hizi pia hupumua. Hupokea unyevu na kuutoa polepole. Zikizibwa kwa lipu ya saruji au rangi isiyopitisha maji, unyevu hufungiwa ndani na kuanza kuula ukuta bila kuonekana.

ZIBA CHANZO KABLA YA KUSHIKA BRASHI

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili methali hiyo ni ya kweli neno kwa neno. Mwenye nyumba anayesugua ukijani kila mwaka bila kurekebisha gata linalovuja juu yake atausugua ukuta hadi uishe, na ukijani utarudi.

Mambo yafuatayo yakaguliwe kwanza. Gata na mabomba ya paa yawe hayana matundu wala majani yaliyoziba. Bomba la maji na tangi visivuje karibu na ukuta. Nyufa na maungio ya matofali yaliyomeguka yazibwe na fundi kwa mchanganyiko unaolingana na ule wa awali, chokaa kwa chokaa na saruji kwa saruji. Maua na migomba iliyopandwa kuegemea ukuta isogezwe, kwa kuwa hunyweshewa maji kila siku na huzuia upepo.

Ardhi ya nje nayo iangaliwe. Baada ya miaka ya kufagia, kumwaga kifusi na kusawazisha uwanja, ardhi hupanda na kuuvuka ukanda wa kuzuia unyevu ambao fundi aliuweka juu ya msingi. Ardhi inapaswa kuwa chini ya ukanda huo kwa sentimita 15 hivi. Ikiwa imepanda, ichotwe na kuelekezwa ili maji ya mvua yatiririke mbali na nyumba. Nyumba isiyo na gata inaweza kusaidiwa kwa kutandaza kokoto mahali matone yanapopiga, ili tope lisirushwe ukutani.

Baada ya marekebisho hayo, ukuta upewe wiki kadhaa ukauke. Si ajabu chumvi ikaongezeka katika kipindi hicho, kwa kuwa maji yaliyokuwa ndani yanatoka. Hiyo ni ishara njema.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kanuni ni kuanza na njia laini kuliko zote na kupanda ngazi pale tu inaposhindwa.

Kwanza, ijaribiwe sehemu ndogo isiyoonekana, yenye upana na urefu wa nusu mita. Iachwe ikauke kabisa, kisha itazamwe. Ikiwa imebadilika rangi, imetoa vumbi au maungio yamelegea, njia hiyo isiendelee.

Pili, uchafu mkavu uondolewe ukiwa mkavu. Chumvi ifagiliwe kwa brashi laini au ufagio wa chelewa bila kutumia maji, kisha ikusanywe kwenye karatasi na kutupwa mbali na nyumba. Ikimwagiwa maji huyeyuka, hurudi ndani ya ukuta na kutokea tena baada ya siku chache. Ikiachwa chini ya ukuta, mvua itairudisha.

Tatu, masizi, tope na ukijani mwepesi visuguliwe kwa maji safi na brashi ya nailoni. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike. Ukuta ulowanishwe kwanza, ili usinywe uchafu uliolegezwa. Ulowanishaji uanzie chini kwenda juu, ili michirizi ya maji machafu isishuke juu ya sehemu kavu na kuacha alama. Usuuzaji wa mwisho uanzie juu kwenda chini.

Nne, maji yakishindwa, itumike sabuni kidogo isiyo kali katika ndoo ya maji ya vuguvugu, kisha isuuzwe vizuri. Sabuni nyingi isiyosuuzwa huacha utando unaovuta vumbi.

Tano, ukungu uliokaidi unaweza kutibiwa kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki. Ipunguzwe kwa maji, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 10 za maji, isipokuwa kibandiko chake kielekeze vinginevyo. Iachwe kwa dakika 10 hivi juu ya ukuta uliokwisha kulowanishwa, isuguliwe, kisha isuuzwe kwa maji mengi. Isitumike kama desturi ya kila mwezi, kwa kuwa nayo huacha chumvi ndani ya tofali. Kwa kuta za matumbawe na chokaa iepukwe.

Kazi ifanyike asubuhi au upande wenye kivuli. Jua kali hukausha dawa kabla haijasuuzwa na kuacha mabaka.

VIFAA VITATU VINAVYOHARIBU KUTA

Cha kwanza ni asidi. Asidi ya kusafishia vyoo na vigae huuzwa kwa urahisi madukani, na wapo wanaoipaka ukutani kwa sababu uchafu huondoka mbele ya macho. Kinachoondoka ni pamoja na saruji na chokaa inayoshika matofali. Maungio hubaki na vitundu, na mabaki ya asidi huwa chumvi mpya inayovuta unyevu. Siki na ndimu ni asidi pia, hata kama hutumika jikoni. Wakazi wanashauriwa kutotumia asidi kabisa kwenye kuta za nje.

Cha pili ni mashine ya kuoshea magari. Nguvu ya maji yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya bomba la nyumbani. Juu ya tofali laini hufanya kazi ya patasi: huchubua ngozi, hung'oa maungio na kusukuma maji ndani kabisa ya ukuta, mahali ambapo yatachukua miezi kukauka. Maji hayo pia huweza kupasua ngozi ya mkono au kuumiza jicho.

Cha tatu ni brashi ya waya pamoja na mashine ya kusagia. Waya hukwaruza uso, na vipande vyake vidogo vinavyobaki ukutani hushika kutu na kuleta madoa ya kahawia. Mashine ya kusagia, au kupuliza mchanga mkavu, hutoa vumbi laini la mawe na matofali ambalo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu bila kupona na kumweka mtu katika hatari zaidi ya kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo.

Tahadhari kama hiyo inahusu rangi za mafuta za zamani. Baadhi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya namna hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu wala kuchomwa kwa moto. Ilowanishwe kwanza, magamba yakusanywe yote juu ya turubai, na watoto wawe mbali hadi usafi ukamilike.

DAWA MBILI HAZIKAI NDOO MOJA

Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu inayounguza macho, koo na mapafu. Ikikutana na dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine yenye madhara yanayofanana. Hatari haipo kwenye ndoo peke yake. Aliyepaka asidi jana na kupaka klorini leo juu ya ukuta uleule bila kuusuuza huweza kuitengeneza gesi hiyo mbele ya uso wake.

Kwa hiyo dawa moja itumike kwa siku moja, katika ndoo yake, na upepo uwe unavuma kutoka mgongoni. Avaliwe miwani ya kinga, glavu za mpira, nguo za mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu, kandambili hazifai. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda kwa kisingizio cha kugawana na jirani. Mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko, na chupa ya soda haimwambii kilichomo.

NGAZI, UMEME NA MAJI YA KUNYWA

Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu, na kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Awepo mtu wa kuishika. Anayefanya kazi asinyooke kufikia mbali. Ashuke na kuisogeza. Kuta za ghorofa zinahitaji jukwaa imara lililofungwa na fundi, si meza iliyopandishwa juu ya pipa.

Waya unaoleta umeme kutoka kwenye nguzo mara nyingi hufungwa kwenye ukuta wa nje au ukingo wa paa. Ngazi ya chuma isisogezwe karibu nao, na maji yasirushwe kuelekea kwenye waya, mita, taa au soketi za nje. Umeme wa nyumba uzimwe kwenye swichi kuu, lakini ikumbukwe kwamba waya unaotoka kwenye nguzo hubaki na umeme hata swichi ikizimwa. Palipo na waya uliochubuka au uliolegea, shirika la umeme liitwe kabla ya kazi kuanza.

Kaya nyingi huvuna maji ya mvua. Kabla ya kuosha ukuta au ukingo wa paa, bomba linaloingia tangini lifunguliwe na kuelekezwa pembeni, na mfuniko wa tangi na wa kisima ufungwe. Maji machafu yasielekezwe kisimani, kwenye bustani ya mboga wala kwa jirani.

NYUMBA ZA KALE

Majengo ya kale ya Bagamoyo, likiwamo Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, yana ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa wanaoishi au kufanya biashara ndani ya nyumba za Mji Mkongwe, ushauri ni mmoja: kabla ya kuosha, kukwangua lipu au kupaka rangi, ofisi ya Mambo ya Kale iulizwe. Tabaka la chokaa linaloonekana kuukuu huweza kuwa ndilo linalolinda jiwe, na tiba yake mara nyingi ni kupakwa chokaa upya, si kubanduliwa.

Hadhari hiyo inahusu pia maisha. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Zanzibar iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu 2 walipoteza maisha. Ukuta wa kale uliovimba, ulioinama au wenye ufa unaopanuka usiguswe kwa usafi. Watu waondolewe karibu nao na mhandisi aitwe.

MTU AKIPATWA NA MADHARA

Dawa ikiingia jichoni, jicho lisuuzwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Ikimwagikia mwilini, nguo zivuliwe na ngozi isuuzwe kwa maji mengi. Aliyevuta gesi atolewe mahali pale, apate hewa safi na kupelekwa hospitali hata kama kikohozi kimepungua, kwa sababu madhara ya mapafu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Aliyekunywa dawa asitapishwe, kwa kuwa inayounguza ikishuka huunguza tena ikipanda. Chupa ya dawa ichukuliwe na kuonyeshwa mganga. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

WAJIBU WA ANAYEAJIRI

Shule, zahanati, nyumba za wageni na wenye nyumba wengi huwakabidhi vibarua kazi hii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi wake vifaa vya kinga. Glavu na miwani vihesabiwe katika gharama za kazi tangu siku ya makubaliano, wala visiachwe kuwa mzigo wa kijana aliyekuja kutafuta riziki. Wanafunzi wasipewe kazi ya kusafisha kuta kwa dawa au kwa kupanda ngazi.

Mwenye shaka kuhusu ufa, unyevu usiokoma au aina ya ukuta wake aanzie Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako ataelekezwa kwa mhandisi wa ujenzi wa Halmashauri. Masuala ya dawa na maji yaliyochafuliwa yapelekwe kwa Afisa Afya wa Kata. Kuuliza kabla ya kazi ni rahisi kuliko kutafuta matofali mapya baada yake, na aliyeziba gata lake mwaka huu huenda mwakani asihitaji dawa yoyote zaidi ya ndoo ya maji na brashi.